Mfalme wa Kasmiri Hakutembea

Kasmiri wa Kibara alikuwaga fundi wa injini za mitumbwi, na si fundi wa kubahatisha. Mtu anatoka mbali huko, injini kaifunga kwenye bodaboda kama mbuzi, anaishusha, Kasmiri anavuta kamba mara moja tu, anasikiliza inavyokohoa, halafu anakutajia ugonjwa wake kabla hajashika spana. Hiyo ni mpaka mwaka juzi. Mwaka juzi alikuwa amesimama kwenye maji ya kiuno, anatoa uzi wa nyavu uliojisokota kwenye lile panga la chini linalosukuma maji. Mwenye mtumbwi akasema ameshazima. Kumbe hajazima vizuri. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vikabaki ziwani.

Toka hapo spana haishikiki. Alijaribu kushoto, spana inateleza, boliti zinaliwa vichwa. Wateja hawakumtupa, walikuwa wanapita, wanamsalimia, wanamuuliza hali ya mkono, halafu wanabeba injini kuipeleka kwa fundi mwingine kule chini. Hicho ndicho kilimuumiza zaidi, kwamba hata mtu wa kumkasirikia hayupo. Mke wake, Dafroza, mtu wa upande wa Butiama, ndiye akawa anabeba nyumba kwa dagaa. Kasmiri anashinda karakanani na zana zake zimepangwa ukutani safi kabisa, hazina kazi.

Kilichobaki kwake ni chesi.

Chesi ilifika Kibara na mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyekuja mazoezi ya kazi ofisi ya uvuvi, wiki sita, kama miaka tisa iliyopita. Alikuwa na ubao wake wa kukunja. Jioni anakaa karakanani anamfundisha Kasmiri: hii ngome inakwenda moja kwa moja, huyu farasi anaruka, huyu mfalme akibanwa mchezo umekwisha. Alipoondoka aliondoka na ubao, akamwachia kete tu, pamoja na sheria moja ya kupanga ambayo alisema ukiishika hukosei: malkia anakaa kwenye rangi yake. Malkia mweupe chumba cheupe, malkia mweusi chumba cheusi, na mfalme ubavuni kwake. Kasmiri akaishika hiyo sheria kama amri ya Mungu. Ubao haukumpa shida, maana nje ya karakana kulikuwa na meza ya zege ya drafti, yenye vyumba vilivyopakwa na mchoraji wa mitumbwi. Wazee wa drafti wa pale walipenda barabara yao nyeusi ndefu, ile ya kona hadi kona, ianzie mkono wa kulia, mchoraji akawapakia hivyo hivyo. Ndiyo ikawa meza ya chesi ya Kibara. Nyingine haikuwepo.

Miaka tisa alicheza juu ya ile meza, na kwa miaka sita ya mwisho hakuna aliyemfunga pale kijijini. Walikuwa wanamwita Profesa, kwa kumtania, na yeye darasa lake ni la saba.

Sasa mwaka huu likaja tangazo. Shirika moja linafundisha chesi watoto wa shule za msingi, linatafuta mwalimu mmoja wa kuzunguka shule za mwambao. Mshahara wa kila mwezi, pikipiki, na cheti hawataki. Wanataka mtu atakayeshinda mashindano yao tu. Dafroza aliposomewa ile karatasi aliuliza mara mbili kama kweli hawataki cheti. Akaambiwa kweli. Akamtazama mume wake, akamwambia, "Baba Nyangi, hii kazi Mungu kaikata kwa kipimo chako."

Na kweli ilionekana hivyo. Kasmiri akamfunga mtu wa Guta, akamfunga mtu wa Kiriba, akabaki na mmoja tu, kijana wa Musoma mjini anaitwa Clever. Kijana mpole, shati limechomekewa, ana diploma ya kompyuta. Kura ikaamua mchezo wao wa mwisho uchezwe Kibara, kwenye meza ya zege. Msimamizi wake akawa Gody, kijana wa pale pale aliyepewa semina ya siku mbili ya uamuzi na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni.

Kasmiri alicheza nyeupe. Siku ile aliamka vizuri, yaani kila kete ilikuwa inamwambia yenyewe inataka kwenda wapi. Clever aliwahi kumwingiza mfalme wake ndani. Hii ni hatua moja ya pekee kwenye chesi: mfalme anaruka vyumba viwili kuelekea kwenye ngome, na ngome inamruka inakaa upande wa pili, inamkinga. Unaruhusiwa mara moja tu kwenye mchezo, na mfalme awe hajatembea hata chumba kimoja toka apangwe. Clever alishafanya. Kasmiri alikuwa bado, ila nafasi ilikuwa wazi, na zamu iliyofuata alikuwa anamwingiza wa kwake. Baada ya hapo ngome yake ingekuwa katikati, malkia wa Clever hana pa kukimbilia. Aliiona yote. Hata Clever aliiona, maana alikuwa ameacha kunywa soda yake.

Mkono wa kushoto wa Kasmiri ulikuwa umeshanyanyuka kwenda kwa mfalme aliposikia wanawake wanalia kule mwaloni, mitumbwi inapotia nanga.

Walikuwa wameuleta mwili wa Faustine, mvuvi jirani yake, aliyekuwa hajaonekana siku mbili. Na Kibara mwili ukitoka majini, mwaloni kila kitu kinasimama. Injini haziwashwi, nyavu hazitandazwi, hata redio zinazimwa, mpaka azikwe. Hakuna anayetangaza, watu wanajua tu. Clever hakujua. Aliuliza kwa adabu kama hawawezi kumalizia, zimebaki hatua chache. Kasmiri akasema, "Hapana, mwanangu. Yule nimemtengenezea injini miaka kumi." Akasimama.

Gody akapiga simu Musoma kwa mwamuzi mkuu, Lilian. Lilian akasema hakuna tatizo, waandike mahali kila kete ilipo kwenye mstari mmoja, ule mstari ambao kompyuta zote za chesi duniani zinausoma, wote wawili wausaini, na mchezo utamaliziwa Jumamosi Butiama kwenye kompyuta, ili wakubwa wa shirika waufuatilie kwa mtandao.

Ule mstari ukiuona mara ya kwanza unaweza kudhani mtoto amekalia simu. Ila una akili yake. Unaanza na safu ya juu kabisa ya mweusi, unashuka safu moja moja mpaka ya mweupe. Kila kete ina herufi yake: za mweupe zinaandikwa kubwa, za mweusi ndogo, na vyumba vitupu unavihesabu unaweka tarakimu. Safu ya nyuma ya Kasmiri ilikuwa R2KQ2R. Maana yake ngome, vitupu viwili, mfalme, malkia, vitupu viwili, ngome. Baada ya safu zote nane unaandika zamu ni ya nani, halafu unaandika nani bado ana haki ya kumwingiza mfalme ndani. Ndiyo hivyo tu. Mchezo mzima unaingia kwenye meseji moja.

Gody aliuandika kwenye simu yake, kwenye programu, huku kelele za kilio zinapanda. Alihesabu vyumba kwa kidole, hakukosea hata kimoja. Pale kwenye haki ya kumwingiza mfalme akaweka herufi mbili za Kasmiri, simu ikazifuta ikaweka kistari. Akaziweka tena. Simu ikazifuta tena. Gody akaona simu ndiyo inayojua zaidi, pengine huo ndio utaratibu, akanakili kwenye karatasi kama simu ilivyotaka, pamoja na kistari chake.

Kasmiri alisaini kwa kushoto, amesimama, hajakaa. Aliuliza tu, "Zote zipo?" Gody akasema zote zipo, baba. Na kweli zilikuwepo. Akateremka mwaloni kumpokea Faustine.

Jumamosi Kasmiri alivaa koti alilofungia ndoa. Butiama ni ukweni kwake, na shemeji yake, Robi, alikuwa ameshawaambia watu kwamba mume wa dada yao anakuja kuchukua kazi ya ualimu. Wakaja saba, wakakaa benchi ya nyuma ya ukumbi, na mama mkwe alituma salamu kwamba chakula kipo. Mbele kulikuwa na kompyuta mbili, na ukutani picha kubwa ya ubao inayowaka ili watu waone. Lilian alikuwa mama wa makamo, miwani iko kichwani, anaongea taratibu. Akauingiza ule mstari, na ukutani zikatokea kete zote, kila moja mahali pake. Kasmiri akazitazama akafurahi, kama mtu aliyekuta mizigo yake salama stendi. Saa ikawashwa. Zamu ya mweupe.

Akashika kipanya kwa mkono wa kushoto, akamvuta mfalme vyumba viwili kuelekea kwenye ngome. Mfalme akarudi.

Akadhani mkono umeteleza. Akamvuta tena polepole, akamwachia katikati kabisa ya chumba. Mfalme akarudi. Kule nyuma Robi akacheka kidogo, akasema shemeji bado hajaizoea mashine. Mara ya tatu Lilian akasimamisha saa, akaja.

"Mzee wangu, huwezi kumwingiza ndani huyo. Hapa inaonyesha mfalme wako ameshatembea."

"Hajatembea."

"Hayupo mahali pake, mzee. Ona, kasogea chumba kimoja."

"Mama, huyo hajatembea. Nimempanga hapo kwa mkono wangu huu, na hapo ndipo alipo."

Lilian akachukua karatasi iliyosainiwa, akasoma, akamwonyesha kistari. Akamweleza kwamba kile kistari maana yake ni kuwa haki hakuna tena. Kasmiri akakiangalia. Kilikuwa kidogo kuliko ukucha. Akaulizwa kama hii ni saini yake, akasema ndiyo. Akamgeukia Gody, na Gody kijasho kinamtoka, akaeleza habari ya simu kufuta herufi, mara mbili, na yeye kuona simu inajua.

Basi Lilian, kwa sababu si mtu mbaya, akatoa ubao wa kawaida kwenye begi akaanza kuzipanga kete kama mstari unavyosema, moja moja, ili aelewe simu ilikataa nini. Alipofika kwa malkia wa Kasmiri akasimama. Malkia mweupe alikuwa amekaa chumba cheusi. Akainua uso.

"Huko kwenu Kibara, ukikaa mezani, kona ya mkono wako wa kulia ina rangi gani?"

"Nyeusi," Kasmiri akasema. "Imekuwaga nyeusi siku zote."

Lilian akashusha miwani kwenye macho. Akaeleza kwa sauti ndogo, kama daktari. Ubao wa chesi kona ya kulia inatakiwa iwe nyeupe. Meza ya Kibara imekaa ubavu. Kwa hiyo ukimfuatisha malkia rangi yake, malkia na mfalme wanabadilishana viti, wote, mweupe na mweusi. Mchezo wenyewe hauharibiki, ni kama mtu anajiangalia kwenye kioo. Ila kompyuta haijui habari ya kioo. Kompyuta inajua kiti kimoja tu cha mfalme, na ikimkuta kwenye kiti kingine inaamua alitembea, na aliyetembea haki yake imekwisha.

"Miaka tisa?" Kasmiri akauliza. Hakuwa anamuuliza mtu.

Dawa ilikuwepo, na hiki ndicho kinaumiza. Lilian alisema ni kazi ya dakika mbili: kila safu isomwe kutokea kulia kwenda kushoto, basi, mfalme atakaa kitini kwake, haki yake itarudi, na mchezo utakuwa ule ule wa Kibara, hakuna aliyeonewa. Akapiga simu kwa wakubwa wake. Ukumbi mzima ukawa unamsikia anavyosema ndiyo, ndiyo, nimeelewa, lakini, ndiyo. Alipokata simu akasema kanuni ni kwamba karatasi iliyosainiwa haiguswi, isipokuwa wachezaji wote wawili wakubali.

Watu wote wakamgeukia Clever.

Clever akaomba kutoka nje. Alikaa huko kama robo saa. Kasmiri naye akatoka, si kwa kumfuata, ukumbi ulikuwa umemkaba. Akamkuta kijana amechuchumaa ukutani anachora chini kwa kijiti. Kasmiri akasimama pembeni. Alikuwa na maneno mengi ya kusema, kuhusu mkono, kuhusu Dafroza, kuhusu wale watu saba wa benchi ya nyuma, na yote akayaona ni ya kuomba, na yeye hakuwahi kumwomba mtu wa umri wa mwanae. Akasema moja tu.

"Kijana, mfalme wangu alitembea?"

"Hakutembea, mzee." Clever hakuinua uso. "Mimi nilikuwepo. Na ile meza niliiona toka nakaa, nikajua imegeuka. Nikasema haina shida, si mchezo ni ule ule."

"Sasa?"

"Sasa mzee, mimi toka nimalize chuo huu ni mwaka wa nne. Nazunguka na bahasha. Mama yangu kila nikirudi haniulizi tena, ananiwekea chakula tu." Akavunja kile kijiti. "Ukiingiza mfalme wako ndani umenifunga. Najua, na wewe unajua. Nisamehe. Siwezi kukubali."

Kasmiri alitaka hasira ije. Aliisubiri kabisa pale kwenye jua. Haikuja. Alimwona tu kijana amechuchumaa, na jinsi kola ya shati ilivyogeuzwa na kushonwa upya upande wa ndani ili isionekane imechakaa, na akajua aliyeishona ni mama yake.

Wakarudi ndani. Lilian alimwambia Kasmiri ana hiari: acheze hivyo hivyo, au akatae aandikwe ameshindwa. Aliongeza kwamba yeye binafsi inamuuma, na akamshika bega, lakini mkono begani haubadilishi safu. Kasmiri akakaa akacheza. Alijitahidi. Mfalme katikati, hana ukuta, kila akimsogeza upande huu farasi wa Clever anatokea upande ule. Kuna wakati alipata nafasi, hata Clever akaweka mikono kichwani. Kasmiri akavuta askofu, kete inayokwenda mshazari, kwa mkono wa kushoto kwenda kumbana mfalme wa Clever, ila kwenye ile picha kulia na kushoto vilikuwa vimeanza kumchanganya, kila chumba akikiangalia anakiona mahali pawili, alipo na anapotakiwa kuwa. Akamwachia askofu chumba ambacho si chenyewe. Clever alimla bila haraka. Hatua tano mbele ikawa imekwisha.

Benchi ya nyuma walipiga makofi. Hawakuelewa nani kashinda, waliona tu watu wanasimama. Robi akaja kumpongeza, akiwa njiani akamwona Lilian anampa Clever karatasi, akapunguza mwendo. Alimwambia shemeji yake pole, akamwambia twende tukale. Kasmiri akala ukweni, akashukuru, akajibu maswali. Mama mkwe, aliyeshasimuliwa na Robi, aliuliza kwa nini alimwacha mfalme nje. Akasema ilitokea hivyo, mama.

Alifika Kibara jioni, Dafroza anapepeta dagaa kutoa mchanga. Hakumuuliza, alimwangalia anavyovua koti. Kasmiri akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akamweleza yote: kona nyeusi, malkia na mfalme kubadilishana viti, mstari, kistari, simu ya Gody, kijana na kijiti chake. Alieleza vizuri kwa utaratibu, kama alivyokuwa anawaelezea wenye mitumbwi ugonjwa wa injini. Dafroza akasikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia mkononi.

"Sasa baba Nyangi, na yule kijana alisema kabisa kwamba hakutembea?"

"Alisema."

"Na yule mama mwamuzi akajua?"

"Alijua."

"Na Gody je?"

"Wote wanajua. Hakuna asiyejua."

Dafroza akafikiri. Unaona anatafuta mlango, kama mtu anavyopapasa ukuta, mtu wa kumwendea, ofisi, padri, mtu yeyote wa kumwambia. "Si ungemsogeza tu kwa mkono?" akauliza mwisho.

"Hakuna kushika kwa mkono kule, mama Nyangi. Ukimsogeza anarudi."

Dafroza akaanza tena kupepeta, mchanga ukawa unaanguka chini taratibu. Baada ya muda akamwambia kesho kuna mzigo wa dagaa wa kuanika kule mawe makubwa, wanahitaji mtu wa kufukuza ndege, na kazi hiyo haina haja ya vidole. Kasmiri akauliza wanaanza saa ngapi.